Kisogezataya na Msito wa Pumzi

Daktari wa meno anayetaka kumweleza mgonjwa wake kwa Kiswahili kwamba koo lake huziba usiku, na kwamba kipo kifaa cha kuvaa kinywani kinachoweza kumsaidia, hukwama mahali pawili. Maradhi hayana jina lililozoeleka, na kifaa nacho hakina. Wengine husema "apnea ya usingizi", neno la Kigiriki lililoachwa kama lilivyo. Wauzaji wa vifaa husema "kizuia mkoromo". Jina la kwanza halimwambii msikilizaji kitu. La pili linamwambia, lakini linampotosha, na upotoshaji huo unaweza kumdhuru kwa miaka bila mwenyewe kujua.

Tuanze na mkoromo, kwa kuwa hapo lugha yetu haina uhaba. Mtu hukoroma, huforota, hupiga misono. Sauti hiyo hutoka pale hewa inapopenya kwenye njia iliyobanwa na kutikisa nyama laini zilizo nyuma ya kinywa, yaani kaakaa laini na kimio. Wako wengi wanaokoroma maisha yao yote na hawana ugonjwa. Tena kwetu mkoromo husifiwa: fulani kalala usingizi wa pono, asiamshwe, kachoka. Maradhi tunayoyazungumzia hapa hayajulikani kwa sauti hiyo peke yake. Hujulikana pale sauti inapokatika.

Mtu akilala, misuli hulegea, na ya koo pia. Koo ni bomba la nyama. Halina mfupa wa kulishikilia wazi pande zote. Ulimi ukirudi nyuma na kuta za koo zikikutana, hewa haipiti. Kifua kinaendelea kupanda na kushuka lakini hakiingizi kitu. Oksijeni katika damu inashuka, ubongo unashtuka, mtu anagutuka nusu, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anazama tena usingizini bila kukumbuka lolote. Anayekumbuka ni mwenzake wa kitandani, aliyekaa macho akisubiri pumzi irudi. Madaktari huhesabu tukio hilo pumzi ikisimama kwa sekunde 10 au zaidi, na kwa mgonjwa mwenye hali mbaya linaweza kujirudia mara mia kadhaa kwa usiku mmoja. Asubuhi anaamka na kichwa kizito, mchana anasinzia kazini au, baya zaidi, akiwa kwenye usukani. Shinikizo la damu hupanda na moyo huelemewa. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Lancet Respiratory Medicine yaliweka idadi ya wenye tatizo hili, kati ya umri wa miaka 30 na 69, kuwa karibu milioni 936 duniani kote. Maradhi yenye ukubwa huo yanastahili jina ambalo mama aliye kwenye foleni ya kliniki ataweza kulitamka na kulielewa.

Nimeyapima maneno kadhaa. "Kukata pumzi" linakuja haraka ulimini, lakini limekaa karibu mno na kukata roho. Mgonjwa akilisikia ataona anasomewa hukumu. "Kukoma" lina kasoro ileile, maana kitu kilichokoma hakitarajiwi kuendelea. "Kuziba kwa koo" linaeleza vizuri aina moja, ila iko aina nyingine ambayo koo liko wazi kabisa na ubongo ndio usiotuma amri ya kupumua. Jina la jumla lazima lizibebe zote mbili.

Kitenzi kinachofaa ni kusita. Anayesita husimama kidogo, na safari yake bado ipo. Ndivyo pumzi inavyofanya. Kutokana nacho tunapata nomino msito, kwa ngeli ileile iliyotupa mkoromo, mpito na mpigo wa moyo. Faida kubwa ya msito ni kwamba una wingi, na ugonjwa huu hupimwa kwa kuhesabu. Mgonjwa hulala na vipima pumzi na oksijeni mwilini, hospitalini au nyumbani, na asubuhi hutolewa idadi ya misito kwa saa. Kwa mtu mzima, kuanzia 5 hadi 15 ugonjwa ni mdogo, kuanzia 15 hadi 30 ni wa kati, na 30 kwenda juu ni mkali. Jaribu kuandika sentensi hiyo kwa kutumia "apnea", uone wingi wake utakavyokuponyoka.

Katika hesabu hiyo huingizwa pia matukio ambayo pumzi haikusimama, ila ilinyong'onyea kiasi cha kushusha oksijeni au kumshtua mgonjwa. Hapa kuna mtego. Mtafsiri wa haraka ataandika "upungufu wa pumzi", na maneno hayo yana mwenyewe: ndivyo tunavyosema juu ya mtu wa pumu au wa moyo anayehema akipanda ngazi. Napendekeza mfifio wa pumzi, ili kipimo chenyewe kiitwe fahirisi ya misito na mififio. Na zile aina mbili ziitwe msito wa koo na msito wa ubongo. Ni majina mafupi, na yanaonyesha mara moja palipoharibika.

Utofauti huo una kazi hasa tunapofika kwenye kifaa, kwa sababu kifaa tunachokizungumzia hutibu msito wa koo tu. Kinavyofanya kazi wanajua vizuri madaktari wa nusukaputi. Mgonjwa akishalazwa kwa dawa, ulimi hurudi nyuma na kuziba, na daktari huweka vidole nyuma ya pembe za taya la chini na kulisukuma mbele. Njia ya hewa hufunguka papo hapo. Sababu ni kwamba msuli mkuu wa ulimi umeshikizwa kwenye mfupa wa taya hilo, upande wa ndani wa kidevu. Taya likija mbele, ulimi hufuata. Nyama za pembeni za koo nazo huvutika, na koo hupanuka hata kwa upana. Kifaa cha kinywani hufanya usiku kucha kile ambacho vidole vya daktari hufanya kwa dakika chache.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko jina la maradhi. Mwaka 1902 tabibu Mfaransa Pierre Robin alieleza kifaa cha kipande kimoja alichokiita monobloc, cha kuleta taya la chini mbele, na mwaka 1923 aliandika juu ya watoto wachanga wenye taya dogo ambao ulimi huanguka nyuma na kuwanyima pumzi. Ugonjwa wa watu wazima ulielezwa kisayansi mwaka 1965 na watafiti wa Ufaransa na Ujerumani, na kwenye miaka ya 1980 vifaa vya taya vikaanza kujaribiwa kwa wakoromaji.

Jina lake basi. Kiswahili kina mtindo uliokomaa wa kuunda majina ya vifaa: kipimajoto, kinasasauti, kipazasauti. Kiambishi, kitenzi, kinachotendwa. Kwa mtindo huo napata kisogezataya, wingi visogezataya. Nilikifikiria pia "kivutataya", nikakiacha kwa sababu kuvuta kunaashiria nguvu na maumivu, na kifaa hiki husogeza polepole, hatua ndogo za sehemu ya milimita, kwa majuma na miezi. Kwa kawaida taya hufikishwa kati ya nusu na robo tatu ya umbali wote ambao mgonjwa anaweza kulitoa mbele kwa hiari yake.

Kisogezataya kina vipande viwili, cha meno ya juu na cha meno ya chini, vilivyounganishwa kwa skrubu, vijiti au mapezi ya pembeni. Kile kinachostahili kuitwa cha kupimwa huanza kwa kuchukua alama ya meno. Siku hizi kliniki zenye uwezo hutumia skana. Nyingine bado hukoroga alginati, unga unaoganda ukikutana na maji. Unga huo hutokana na mwani wa kahawia wa bahari za baridi. Ndani ya alama hiyo humiminwa plasta ya jasi, na fundi wa maabara ya meno anapata nakala ya kinywa cha mgonjwa. Daktari hupima pia taya linakwenda mbele kiasi gani na meno yanakutana wapi. Kutokana na hayo kifaa hutengenezwa kwa akriliki au plastiki ngumu. Tofauti yake na kile cha dukani, kinacholainishwa kwa maji ya moto na kung'atwa, ni ile ya suti ya fundi na ya mtumba: zote huvalika, lakini moja imekatwa kwa mabega yako.

Ndiyo maana "kizuia mkoromo" linanitia wasiwasi. Mtu akinunua kifaa chenye jina hilo na nyumba ikapata utulivu, ataamini kapona. Inawezekana mkoromo umepungua na misito imebaki. Taya limesogea kiasi cha kutuliza mtikisiko wa kaakaa, lakini halijafika pa kuzuia koo kufunga. Mke amefurahi, watoto wamelala, na oksijeni ya baba inaendelea kushuka kila dakika chache. Jina linalotaja sauti linaahidi ukimya, na ukimya unapatikana. Jina linalotaja taya halitoi ahadi hiyo. Linasema kifaa kinasogeza taya. Kama kusogea huko kumetosha ni jambo la kupimwa upya, mgonjwa akiwa amelala nacho mdomoni. Kipimo hicho cha pili ni sehemu ya tiba.

Mwongozo wa pamoja wa mwaka 2015 wa vyama viwili vya Marekani, cha tiba ya usingizi na cha madaktari wa meno wanaoshughulikia usingizi, unataka kifaa kiwe cha kupimwa na chenye kurekebishika, na unakielekeza kwa watu wazima wasioweza kuvumilia mashine ya kusukuma hewa au wanaopendelea njia nyingine. Mashine hiyo, iliyoelezwa na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney mwaka 1981, huondoa misito vizuri zaidi, na kwa ugonjwa mkali ndiyo hutangulizwa. Lakini inataka barakoa usoni usiku kucha, na inataka umeme. Kisogezataya kinakaa ndani ya kikombe kando ya kitanda na hakijui kama umeme umekatika. Kwetu hilo si jambo dogo.

Kina gharama zake mwilini. Majuma ya mwanzo mate hujaa au kinywa hukauka, na taya huuma asubuhi. Meno huhisi hayakutani sawasawa mtu anapoamka, ndiyo maana hupewa kitu cha kung'ata kwa muda ili taya lirudi mahali pake. Miaka ikipita meno yenyewe husogea: ya juu mbele hurudi ndani kidogo, ya chini huja nje. Mgonjwa aambiwe hayo kabla ya kulipa. Mwenye fizi zinazooza atibiwe kwanza, kwa kuwa mzigo wa kusogeza taya unabebwa na meno, na meno yanayocheza hayawezi kuubeba.

Na asiye na meno kabisa? Kisogezataya hakina pa kushika. Kwake kipo kifaa kingine ambacho Rosalind Cartwright na Charles Samelson wa Chicago walikielezea mwaka 1982: kitumba laini kinachokaa mbele ya midomo, ulimi unaingizwa ndani, hewa inabanwa itoke, na ulimi unabaki umenaswa hapo mbele hadi asubuhi. Taya halihusiki, kwa hiyo jina letu halimfai. Huyo aandikiwe kishikaulimi.