Ultrasaundi inavyotambua shinikizo kubwa katika mishipa ya ini

Mtu anatapika damu ghafla, ilhali jana alikuwa shambani kama kawaida. Wengi hudhani ni vidonda vya tumbo. Mara nyingine chanzo ni ini, na dalili zake zingeweza kuonekana mapema kwa kipimo kisichohitaji kisu wala sindano. Katika makala hii tunaeleza kipimo hicho.

Shinikizo hili ni nini?

Damu kutoka tumboni, kwenye utumbo na kwenye bandama hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa unaoipeleka kwenye ini. Ini likijaa makovu, damu hukwama na shinikizo hupanda. Damu hiyo hutafuta njia za pembeni, hasa mishipa midogo ya umio, ambayo hutanuka na inaweza kupasuka. Hili si shinikizo la damu linalopimwa mkononi. Mtu anaweza kuwa na presha ya kawaida na bado akawa na tatizo hili.

Makovu hayo hutokana na homa ya ini ya virusi vya B na C, pombe, na kichocho cha tumbo.

Kwa nini lituhusu?

Katika kata ya Baray, Bonde la Eyasi, wilayani Karatu, kilimo cha vitunguu hutegemea mifereji ya umwagiliaji. Mkulima huingia majini, watoto huoga humo. Popote ambapo konokono wabebaji wa kichocho wanaishi kwenye maji yanayotiririka polepole na watu hujisaidia karibu na maji hayo, mzunguko wa ugonjwa huu unaweza kuendelea. Nchini Tanzania, kichocho cha tumbo kinafahamika zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, ikiwemo Ukerewe.

Mpimaji huangalia nini?

Kipimo halisi cha shinikizo huhitaji mrija mwembamba upitishwe kwenye mshipa wa shingoni hadi kwenye ini. Hospitali chache huweza kufanya hivyo. Ultrasaundi hutumia mawimbi ya sauti, na mpimaji hutafuta alama hizi:

- Mshipa mkuu wa ini kuwa na upana unaozidi milimita 13.
- Bandama kuwa kubwa, urefu wake kupita sentimita 12 au 13.
- Maji tumboni na mishipa ya pembeni iliyotanuka.
- Kwa kipimo cha Doppler, damu kwenda polepole au hata kurudi nyuma.

Alama moja haitoshi. Bandama kubwa, kwa mfano, hutokana pia na malaria ya mara kwa mara. Mgonjwa huombwa asile kwa saa kadhaa kabla ya kupimwa, kwa sababu chakula huongeza damu katika mshipa huo na kuupanua.

Kwa kichocho, Shirika la Afya Duniani lina mwongozo ulioandaliwa katika mkutano wa Niamey, Niger, mwaka 1996. Mwongozo huo hulinganisha picha ya ini na michoro maalumu, kwani makovu ya kichocho huizunguka mishipa kama mabomba. Seli za ini lenyewe huweza kubaki nzima, hivyo vipimo vya damu vya ini vikatoka vizuri huku shinikizo likiwa juu.

Ipo pia mashine inayopima ugumu wa ini. Ni msaada mkubwa kwa makovu ya homa ya ini, lakini kwa kichocho namba yake inaweza kuwa ndogo na kumpa mgonjwa matumaini yasiyo sahihi. Ndiyo maana daktari humuuliza mgonjwa anaishi wapi na anatumia maji gani.

Baada ya kipimo

Ultrasaundi haiwezi kuonyesha vizuri mishipa ya ndani ya umio. Mwenye dalili hupelekwa hospitali ya rufaa kwa endoskopi. Mishipa iliyotanuka hufungwa kwa mipira midogo, au mgonjwa hupewa dawa za kupunguza shinikizo. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo ya kichocho, na ikitolewa mapema makovu huweza kupungua. Ikichelewa, minyoo hufa lakini makovu hubaki.

Ukitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, usisubiri kesho. Nenda hospitali mara moja.