Safari za Mafunzo Ugenini kwa Walimu: Zinavyoendeshwa na Faida Yake Inavyorudi Darasani

Na Mwandishi Wetu

Mwalimu anapopata nafasi ya kwenda nje ya nchi kwa mafunzo, darasa lake hubaki nyuma. Wiki sita au miezi tisa ya safari yake ni muda ambao vipindi vyake hubebwa na mwalimu mwingine, ambaye mara nyingi tayari ana mzigo wake. Kwa sababu hiyo, mzazi anayeuliza safari hiyo inamnufaisha nani anauliza swali la haki, na jibu lake halipatikani uwanja wa ndege bali darasani, baada ya mwalimu kurejea.

Makala haya yanaeleza maana ya safari hizo, msingi wake katika miongozo ya kimataifa, namna zinavyoendeshwa kwa mifano ya Marekani, Japani na Afrika Mashariki, na wajibu wa mwalimu kabla ya kuondoka na baada ya kurudi.

Maana ya safari ya mafunzo ugenini

Safari inayozungumziwa hapa si ziara ya kutembelea vivutio, wala si mkutano wa siku mbili hotelini. Ni safari ambayo mwalimu huishi miongoni mwa wenyeji kwa muda wa kutosha, huingia katika shule zao, huketi katika madarasa yao, na mara nyingi hufundisha pamoja nao. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Katika safari za aina hii, mafunzo yenyewe huanza siku ya jembe, pale mwalimu anapoacha kupokewa kama mgeni na kuanza kushiriki kazi.

Tofauti hiyo ni ya msingi. Mbinu ya kufundisha inaweza kusomwa katika kitabu au kutazamwa katika video. Yasiyosomeka kwa urahisi ni mambo madogo yanayoifanya mbinu hiyo ifanye kazi: mwalimu mwenyeji husubiri kwa muda gani baada ya kuuliza swali, humjibu vipi mwanafunzi aliyekosea, na walimu huzungumza nini wao kwa wao kengele ya mwisho inapolia. Hayo huonekana kwa kuwapo.

Msingi wa kimataifa

Tarehe 5 Oktoba 1966 jijini Paris, mkutano maalumu wa nchi mbalimbali ulipitisha Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani (ILO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) kuhusu hadhi ya walimu. Ni kwa kumbukumbu ya siku hiyo kwamba Siku ya Walimu Duniani huadhimishwa kila tarehe 5 Oktoba tangu mwaka 1994.

Wengi huikumbuka siku hiyo bila kukumbuka kwamba Pendekezo lenyewe lina sehemu inayohusu ubadilishanaji wa walimu baina ya nchi. Linazitaka mamlaka zitambue kuwa safari za walimu nje ya nchi zina thamani kwa elimu na kwa walimu wenyewe, na zijitahidi kupanua fursa hizo. Linataka uteuzi ufanyike bila ubaguzi, na mwalimu aliye safarini alindiwe nafasi yake ya kazi na hadhi yake. Aidha, linasisitiza kuwa walimu wahimizwe kuwashirikisha wenzao yale waliyojifunza ugenini. Kwa maneno mengine, tangu mwanzo safari hizi hazikukusudiwa kuwa zawadi ya mtu mmoja.

Mfano wa Marekani: wiki sita na miezi tisa

Programu za Fulbright, zilizoanzishwa kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1946, ni miongoni mwa zinazojulikana zaidi. Mbili kati yake zinawahusu walimu wa shule na wa lugha.

Ya kwanza ni programu ya wiki sita kwa walimu wa sekondari kutoka nchi mbalimbali, ifahamikayo kwa kifupi kama Fulbright TEA. Walimu hupangiwa chuo kikuu ambako huhudhuria semina kuhusu mbinu za ufundishaji, uandaaji wa masomo na matumizi ya teknolojia. Sehemu yake muhimu zaidi, hata hivyo, ni muda ambao kila mwalimu huutumia katika shule ya sekondari iliyo jirani na chuo, akiambatana na mwalimu mwenyeji, akimtazama anavyofundisha na kufundisha naye.

Ya pili ni ya walimu wasaidizi wa lugha, Fulbright FLTA, inayodumu kwa takriban miezi tisa ya mwaka wa masomo. Kupitia programu hii, walimu vijana kutoka Afrika Mashariki wamekuwa wakifundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya Marekani huku nao wakisoma kozi katika vyuo hivyo. Mwalimu ambaye hajawahi kujiuliza kwa nini tunasema "kitabu changu" lakini "nyumba yangu" hujikuta akilazimika kuueleza mfumo wa ngeli kwa kijana asiyejua neno lolote la Kiswahili. Anaporejea, huwa amekijua Kiswahili chake mwenyewe kwa jicho jipya.

Milango hii hufunguka pande zote mbili. Sheria nyingine ya Marekani, ya mwaka 1961, iliweka msingi wa kugharimia makundi ya walimu na wanafunzi wa nchi hiyo kusafiri kwenda kujifunza lugha na maisha ya watu wengine, na Tanzania na Kenya zimekuwa miongoni mwa nchi zilizowapokea wanaojifunza Kiswahili. Zanzibar, iliyokuwa na Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni (TAKILUKI) ambayo sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ina uzoefu wa miaka mingi wa kuwafundisha wageni. Mgeni anayekaa na familia hujifunza darasani asubuhi, na jioni hujifunza tena jikoni na barazani.

Mfano wa Japani: kutoka kutazama hadi kubuni

Katika shule za Japani upo utaratibu wa siku nyingi unaoitwa jugyo kenkyu, yaani utafiti wa somo. Walimu huandaa somo moja kwa pamoja, mmoja wao hulifundisha huku wengine wakiwatazama wanafunzi, kisha wote huketi kulijadili somo hilo na kuliboresha. Kinachochunguzwa ni fikra za wanafunzi wakati wa somo, si makosa ya mwalimu. Ubao nao hutumika kwa mpango: mtiririko wa somo huachwa ubaoni tangu swali la kwanza hadi hitimisho, ili mwanafunzi aweze kuona njia yote aliyopita.

Utaratibu huo umevuka mipaka kwa sababu walimu wa nchi nyingine walikwenda kuuona. Nchini Kenya, mradi wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi katika sekondari, SMASSE, ulianza mwaka 1998 katika wilaya tisa kwa ushirikiano na Shirika la Ushirikiano wa Kimataifa la Japani (JICA). Wakufunzi wa Kenya walipelekwa Japani kwa mafunzo, lakini waliporejea hawakunakili walichokiona. Walijenga mkabala wao wenyewe unaotilia mkazo shughuli, mwanafunzi, majaribio na ubunifu wa zana kwa vitu vinavyopatikana katika mazingira, pamoja na mzunguko wa kupanga, kutenda, kutazama na kuboresha.

Neno "ubunifu" ndilo linalobeba somo kubwa la mfano huu. Shule ya Japani ina maabara, nayo shule nyingi za Afrika Mashariki zina upungufu wa vifaa. Mwalimu aliyerudi akisema "kule wana vifaa, sisi hatuna" amerudi na malalamiko. Aliyerudi akiuliza jaribio lile linawezekanaje kwa chupa ya plastiki, mshumaa na maji, huyo amerudi na mafunzo.

Mwalimu anapokuwa mwanafunzi tena

Ipo faida nyingine isiyoandikwa katika ratiba yoyote. Ugenini, mwalimu hupoteza kwa muda ule uhakika alionao nyumbani. Hushindwa kuelewa tangazo la kituo cha treni. Huchelewa kucheka kwa sababu utani umempita. Huwa na jibu kichwani lakini maneno ya kulisema hayaji.

Hali hiyo ndiyo anayoipitia mtoto wa Kidato cha Kwanza nchini Tanzania, aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sasa anakutana na fizikia, jiografia na hisabati kwa Kiingereza. Mara nyingi ukimya wake hutafsiriwa kuwa uvivu au uelewa mdogo. Mwalimu aliyewahi kukaa kimya katika chumba cha watu wanaozungumza haraka lugha isiyo yake, huku akijua fika kwamba si mjinga, ana sababu ya kumtazama mtoto huyo kwa namna nyingine. Humpa muda, humwandikia msamiati mpya ubaoni kabla ya somo, na humruhusu ajadiliane kwanza na mwenzake.

Kabla ya kuondoka

Mwalimu aliye mtumishi wa umma anatakiwa kupata kibali cha mwajiri kabla ya kusafiri, akianzia kwa mkuu wa shule yake. Utoro kazini ni kosa la kinidhamu, na barua ya mwaliko kutoka nje si kibali. Ni vyema maombi yaeleze wazi nani atashika vipindi na mada zipi zitakuwa zimekamilika, hasa kwa madarasa ya mitihani.

Waombaji wanakumbushwa pia kujihadhari na matapeli. Maombi ya programu za Fulbright hayatozwi ada, na taarifa zake hutolewa na ubalozi wa Marekani. Mtu yeyote anayedai fedha ili "kumpitisha" mwalimu katika uteuzi atiliwe shaka na aripotiwe kwa vyombo vinavyohusika.

Baada ya kurejea

Hapa ndipo safari nyingi hufanikiwa au hupotea. Tanzania ina utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), ambapo walimu hukutana katika jumuiya za kujifunza ngazi ya shule na katika vituo vya walimu. Huko ndiko mahali pa kwanza pa kupeleka kilicholetwa kutoka ugenini. Badala ya kuwasomea wenzake taarifa ndefu yenye picha, mwalimu aliyerejea anaweza kuwakaribisha darasani kwake, akafundisha somo moja kwa mbinu aliyojifunza, kisha akakubali likosolewe.

Historia ya nchi inatoa mfano. Mwalimu Julius Nyerere alisafiri mwaka 1949 kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, baada ya kufundisha Tabora. Aliporejea mwaka 1952 alirudi kufundisha, safari hii Pugu. Yaliyofuata katika maisha yake yanafahamika na wote, lakini hatua ya kwanza baada ya safari ilikuwa darasani.

Wazazi na kamati za shule nao wana nafasi. Wanaweza kumkaribisha mwalimu aliyerejea katika kikao cha shule na kumuuliza swali moja: ni jambo gani moja ambalo watoto wetu watalifanya tofauti muhula huu kwa sababu ulikwenda? Mwalimu mwenye jibu la swali hilo atakuwa ameilipa safari yake, na atakuwa amemlipa pia mwenzake aliyevishika vipindi vyake siku zote alizokuwa mbali.