Mwezi wa Tano Wanatazama Mawingu

Siku ya mgao wa mwezi wa tano, vijana wawili wa kikundi changu nusura wapigane kwa sababu ya njegere.

Mmoja, mtu wa Fizi, alisema hizi njegere za njano zilizopasuliwa ni chakula cha mifugo ya Wazungu, wanatuletea kile kilichowashinda. Mwenzake, Mrundi, akamjibu: anayelishwa hachagui. Hilo neno "kulishwa" ndilo lililowasha moto. Mimi kazi yangu hapa kambini ni vijana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuzima moto wa namna hiyo. Nikawatenganisha, nikawapeleka kila mtu kwao. Lakini usiku nilikaa na swali: hao wanaolima njegere hizi ni akina nani? Je, wao hawajawahi kulishwa?

Nina dada, mtoto wa mama mkubwa, aliyepata nafasi ya kwenda nchi ya tatu. Sasa yuko kwenye mji mdogo huko Saskatchewan, nchini Kanada, anafanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Nikamwandikia. Akanijibu kwa sauti, dakika saba nzima: "Mdogo wangu, huku ikifika mwezi wa tano hawaongei siasa wala mpira. Ni mvua tu. Hata wazee ambao hawajashika jembe miaka ishirini, asubuhi nikiwapelekea uji wanaangalia dirishani kwanza. Wanauliza, imenyesha?"

Basi nikaanza kusoma, kidogo kidogo, kwenye kompyuta ya kituo chetu, siku ambazo sola inaruhusu. Haya ndiyo niliyoyapata.

Saskatchewan, Alberta na Manitoba ni mikoa mitatu ya Kanada yenye tambarare kubwa ya nafaka. Kwetu Kigoma mwezi wa tano mvua inaaga. Kwao ndiyo wanaanza kuisubiri. Majira ya baridi ardhi yote inaganda, hakuna kinachoota. Theluji ikiyeyuka mwezi wa nne, udongo unapata unyevu wa kwanza, na mkulima anaanza kuhesabu siku. Akipanda mapema mno, udongo bado wa baridi, mbegu inalala na kuoza. Akichelewa, baridi ya mwezi wa tisa itakuta ngano haijakomaa. Kati ya baridi mbili hizo ana kama siku mia moja hivi. Kwa hiyo kuanzia mwisho wa mwezi wa nne hadi mwanzo wa mwezi wa sita matrekta yanatembea usiku na mchana.

Mbegu ikishaingia ardhini wasiwasi hauishi, unabadilika jina tu. Upepo unakausha udongo wa juu. Usiku mmoja wa baridi kali katikati ya mwezi wa tano unaweza kuua miche yote ya kanola, ule mmea wa mafuta. Njegere ni ngumu zaidi: ikiunguzwa na baridi inaweza kuchipua tena kutoka chini ya udongo. Halafu kuna panzi, kuna viwavi. Serikali ya Saskatchewan inatoa ripoti kila wiki katika majira ya kilimo: asilimia ngapi imeshapandwa, udongo una unyevu wa kutosha au umepungukiwa. Wanaotoa habari hizo kutoka vijijini ni watu wa kujitolea. Sehemu kavu za tambarare hiyo zinapata milimita 300 hadi 400 tu kwa mwaka, theluji ikiwemo. Huku Kigoma tungeita ukame. Kwao ndio mwaka wa kawaida.

Na si kwamba hawakuonywa. Kati ya 1857 na 1860 Mwairishi aitwaye John Palliser alipita huko na msafara wake, akasema sehemu ya kusini ni kavu mno, haifai kwa kilimo. Miaka ya 1870 na 1880 akapita mtaalamu wa mimea, John Macoun, akasema kinyume: ardhi ni nzuri, leteni watu. Wote wawili waliona kwa macho yao. Tofauti ni kwamba Macoun alipita miaka ya mvua. Serikali ilitaka kujaza watu huko, ikamsikiliza aliyesema neno tamu. Kwa sheria ya 1872 mtu alilipa dola 10 akapewa ekari 160, mradi ajenge na alime.

Lakini ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe. Hapa ndipo nilipoacha kusoma kwa siku mbili.

Watu wa Cree, Blackfoot, Assiniboine na wengine waliishi kwa kuwinda baisoni, mnyama wa jamii ya nyati. Kufika 1879 baisoni walikuwa karibu wamekwisha upande wa Kanada. Njaa ikaingia. Mwaka 1876 machifu wa Cree walitia saini Mkataba wa Sita, na ndani yake walidai kiandikwe kipengele cha msaada wakati wa njaa. Kiliandikwa. Lakini njaa ilipokuja, chakula kilitumika kama kamba. Aliyekubali kuhamia eneo alilotengewa alipewa mgao, aliyekataa alinyimwa. Chifu Big Bear alikataa kutia saini kwa miaka sita. Desemba 1882, watu wake wakifa njaa, akatia saini.

Hata waliohamia wakaanza kulima walibanwa. Kutoka 1885 mtu wa maeneo hayo alihitaji kibali cha karatasi ili atoke. Alihitaji kibali cha afisa ili auze nafaka aliyolima mwenyewe. Mwaka 1889 ikaja siasa ya kuwazuia wasitumie mashine, walime kwa zana za mkono, wakati jirani yao mgeni anavuna kwa mashine. Baadaye watu wakasema: unaona, hawa hawawezi kilimo.

Wasomaji wangu wa hapa kambini, sina haja ya kuwaeleza kibali ni nini.

Sasa hao wageni waliopewa ardhi walikuwa nani? Wengi walikuwa watu wa kutafuta maisha, kutoka Uingereza, Marekani na Ukraine. Ila wengine walikuwa wakimbizi, ingawa neno hilo halikutumika sana wakati ule. Kuanzia 1874 Wamennonite kama 7,000 waliingia Manitoba kutoka Urusi, kwa sababu dini yao inawakataza kushika silaha na serikali ilitaka vijana wao jeshini. Mwaka 1899 wakaja Wadoukhobor, zaidi ya 7,000, ambao walichoma silaha zao wakateswa. Miaka ya 1920 wakaja tena Wamennonite kama 20,000, waliokimbia vita na njaa baada ya mapinduzi ya Urusi. Hao wa mwisho walisafirishwa kwa mkopo wa kampuni ya reli, na deni lile walimaliza kulilipa mwaka 1946. Nilipomsimulia dada alicheka. Naye analipa mkopo wa tiketi ya ndege iliyomtoa huku.

Kwa hiyo ardhi walionyang'anywa wenye njaa ilipewa, kwa sehemu, watu waliokimbia njaa. Sijui mtu anaweza kusema hilo kwa namna gani ili liwe jepesi. Mimi nimeshindwa.

Walipofika, tatizo lao lilikuwa zile siku mia. Ngano waliyokuwa nayo, Red Fife, ilikuwa nzuri lakini ilichelewa kukomaa, baridi ikaiwahi mara nyingi. Charles Saunders, mtafiti wa serikali kule Ottawa, akachagua na kukuza ngano mpya, Marquis, inayokomaa takriban wiki moja mapema. Ilianza kusambazwa kwa wakulima mwaka 1909. Wiki moja tu, lakini kwa watu wale wiki moja ilikuwa ni mavuno au kukosa kabisa. Ngano ikajaa tambarare yote, hadi kwenye ile pembe kavu aliyoionya Palliser.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Bei ya ngano ilikuwa imeshaanguka, na mvua nayo ikakata. Walizoea kulima na kuuacha udongo mtupu, mlaini kama unga, wakiamini unatunza maji. Upepo ukaunyanyua. Mchana uligeuka giza, mama wa nyumbani waliwasha taa saa sita na kufunika madirisha kwa vitambaa vilivyoloweshwa. Tarehe 5 Julai 1937, vijiji vya Yellow Grass na Midale, Saskatchewan, vilipima joto la nyuzi 45. Mwaka huo ekari moja ya ngano katika mkoa ule haikutoa hata kilo 80 kwa wastani. Mwaka 1928 ilitoa zaidi ya kilo 600.

Theluthi mbili za watu wa vijijini Saskatchewan wakaingia kwenye orodha ya msaada. Ndiyo, orodha na foleni, na afisa anayeuliza una watoto wangapi na kwa nini una ng'ombe. Treni zilileta maharage, tufaha, jibini na nguo kuukuu kutoka mikoa ya mashariki. Zikaleta pia samaki wa chumvi wa Bahari ya Atlantiki, wakavu kama ubao. Mama mmoja mzee pale kazini kwa dada alimsimulia: wao walikuwa watu wa bara, samaki wa namna ile hawajawahi kumwona. Mama yake alimchemsha hivyo hivyo na chumvi yake yote, watoto wakatema. Huko kijijini kwao wanasema kuna jirani aliyezibia tundu la paa kwa samaki wale.

Nilipofika hapo nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akaja kuangalia. Samaki yule ni makayabo! Mama yeyote wa Bukavu au Uvira angewaambia: loweka usiku kucha, mwaga maji, kisha weka nyanya na kitunguu. Walikuwa wanalishwa chakula wasichokijua, wakasema ni cha kutupwa. Maneno yale yale ya kijana wangu wa Fizi.

Watu wapatao 250,000 walihama tambarare zile katika miaka kumi hiyo. Waliobaki walijifunza. Mwaka 1935 serikali ya Kanada iliunda idara maalum ya kufufua mashamba: kuchimba mabwawa, kupanda miti ya kuzuia upepo, kurudisha nyasi mahali ambapo jembe halikustahili kufika. Baadaye wakulima wengi waliacha kabisa kugeuza udongo, wakawa wanapanda juu ya mabua ya mwaka uliopita ili upepo usipate pa kushika. Na mwaka 1983, mjini Winnipeg, makanisa yaliunda shirika la Canadian Foodgrains Bank, kutokana na kazi ambayo Wamennonite walikuwa wameianza 1976. Wakulima wanalima shamba moja kwa pamoja, mavuno yanauzwa, na fedha zake zinakwenda kuwasaidia wenye njaa nchi nyingine. Tangu 2008 msaada wa chakula wa Kanada haulazimiki tena kununuliwa kwao, unaweza kununuliwa hata jirani na wenye njaa. Kwa hiyo si kila punje ya njano unayopika hapa imetoka Saskatchewan. Lakini Kanada ni kati ya nchi zinazouza njegere hizi kwa wingi zaidi duniani, na bei yake inaanzia kwenye mawingu yale.

Mwaka 2021 mawingu hayo hayakuja. Ngano ya Kanada ilishuka kwa zaidi ya theluthi moja ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikapandisha bei zaidi. Mwaka 2023 mgao wetu ukapunguzwa mara mbili. Sisemi ukame ule ndio uliotupunguzia, kuna sababu nyingi, na kubwa ni fedha za wafadhili. Nasema tu kwamba sisi na yule mzee wa dirishani tunasubiri mvua moja.

Nilirudi kwa kikundi nikawasimulia yote haya chini ya mwembe. Mrundi aliuliza, "Kwa hiyo nao walilishwa?" Nikasema ndiyo, walilishwa, na hawakuwa wavivu. Mtu wa Fizi alinyamaza muda mrefu, halafu akauliza: "Na wale wa Cree, wao walirudishiwa nini?" Nikamwambia ukweli: kesi zao za ardhi na mikataba bado zinaendelea hadi leo.

Nimefikiri sana swali lake. Wakulima wale wa 1930 na watu wa Cree wa 1880 wote walipanga foleni ya chakula. Mmoja alipewa mgao huku ardhi yake, jembe lake na ruhusa ya kutembea vikibaki mikononi mwake. Miaka kumi baadaye alikuwa amesimama. Mwingine alipewa mgao badala ya vitu hivyo. Kwa hiyo aibu haiko kwenye sahani. Ndugu zetu wa mashirika, mnaosoma jarida hili pamoja nasi, tunashukuru kwa njegere, kweli kabisa. Ila mkikaa kwenye vikao vyenu, ulizeni pia habari ya jembe, ya bustani nyuma ya nyumba, na ya karatasi ya kutokea getini.

Wiki iliyopita dada alinipigia. Kabla ya salamu za mama, nilijikuta nimeshauliza: imenyesha? Akasema kidogo, milimita nane, wazee wamefurahi lakini wanasema haitoshi.