Rosemary Karuga: Sanaa Iliyotoka Jikoni

Pakiti ya unga haina maisha marefu. Ugali ukishaiva, karatasi yake huwashiwa moto au huishia jaani. Kwa Rosemary Namuyu Karuga, karatasi hiyo iliwekwa akiba. Ilikatwa vipande vidogo vidogo pamoja na makaratasi ya sabuni ya Rexona, ikapakwa gundi, ikabandikwa kipande baada ya kipande mpaka akatokea mnyama, ndege, au mwanamke aliye kazini kijijini.

Karuga alizaliwa Meru tarehe 19 Juni 1928, baba akitokea Uganda na mama akiwa Mkenya. Mwaka 1950 aliingia Makerere, Kampala, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Mwingereza Margaret Trowell, ambaye mwaka 1937 alikuwa akifundishia kwenye baraza ya nyumba yake mwenyewe. Karuga ndiye mwanamke wa kwanza kusoma hapo. Alijifunza kuchora, kusanifu na kufinyanga sanamu, na humo ndimo alimoonyeshwa picha za kale za Bizanti, zile zilizojengwa kwa vijiwe vya rangi vilivyopangwa kimoja kando ya kingine. Alihitimu mwaka 1952.

Kisha akarudi Kenya, akaolewa, akalea watoto, akafundisha shule. Rangi na turubai vilikuwa ghali, na mshahara wa mwalimu una wenyewe: karo, chakula, nguo za watoto. Miaka zaidi ya thelathini ikapita hivyo.

Wapo wanaoihesabu miaka hiyo kuwa pengo katika maisha ya msanii. Hesabu hiyo haimtendei haki. Mama aliyepika kwa miaka yote hiyo anaijua karatasi ya unga kwa kuishika: uzito wake, weupe wake, maandishi yake ya rangi, namna inavyochanika. Alipostaafu ualimu katika miaka ya 1980, binti yake akamhimiza arudie sanaa. Fedha za vifaa hazikuwepo, lakini makaratasi yalikuwepo. Somo la vijiwe vya Bizanti, lililokaa kimya tangu Kampala, likakutana na takataka za jikoni.

Mwaka 1987 alikaribishwa kufanyia kazi Paa ya Paa, kituo cha sanaa cha Nairobi kilichoanzishwa mwaka 1965. Mmoja wa waasisi wake ni Elimo Njau, mchoraji kutoka Kilimanjaro aliyesoma Makerere pia. Jina la kituo ni mchezo wa maneno ya Kiswahili: paa, mnyama mwepesi wa mbio, na paa, kupanda juu angani. Karuga alikuwa akikaribia miaka 60 alipoingia hapo.

Miaka mitatu baadaye kazi zake zilikuwa New York. Mwaka 1990 jumba la Studio Museum la Harlem lilifanya maonyesho ya wasanii wa Afrika wa zama hizi. Walikuwemo El Anatsui wa Ghana na Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, na katika kundi zima mwanamke alikuwa mmoja tu: mwalimu mstaafu kutoka Kenya. Baadaye picha zake zilifika London na Paris. Alitengeneza pia picha za hadithi ya mlevi wa tembo la mnazi ya mwandishi Amos Tutuola, kitabu kilichochapishwa mwaka 1952, mwaka uleule aliohitimu Makerere.

Mwaka 2006 alihamia Ireland akaishi karibu na binti yake. Nyumbani Kenya hakusahauliwa. Mwaka 2017 Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalimpa heshima ya msanii wa mwezi. Alifariki Februari 2021 akiwa na umri wa miaka 92.

Picha zake zinataka kutazamwa mara mbili. Ukisimama mbali unaona manyoya ya ndege, mikunjo ya kanga, kivuli chini ya mti, na mkono unaofanana na wa mchoraji wa brashi. Sogea hatua mbili. Brashi haipo. Kuna kingo za karatasi zilizokatwa kwa subira, rangi ya pakiti ya sabuni iliyogeuzwa bawa, na weupe wa mfuko wa unga ulioachwa wazi pale mwanga unapopiga.