Nguruwe Mezani, Imani Moyoni: Fatwa ya al-Wahrani ya Mwaka 910 Hijria

Uharamu wa nguruwe hauna khilafu. Umekuja katika al-Baqara (173), al-Maida (3), al-An'am (145) na an-Nahl (115), na ingawa aya zimetaja nyama, wanazuoni wameafikiana kuwa mafuta na viungo vyake vyote vimo humo. Awe amepikwa vipande au amebanikwa mzima, hukumu ni moja. Imam al-Qurtubi, mwana wa Andalusi aliyefariki mwaka 671 Hijria, amevua unywele wake tu, kwa kazi ya kushonea. (Wanafunzi wetu wa Kishafii wasishtuke, kwa Wamaliki hata nguruwe aliye hai ni tahiri.) Tunalotaka kulitazama hapa ni yaliyowafika Waislamu wa nchi hiyo hiyo waliposhurutishwa kumla.

Granada ilisalimu amri Januari 1492 kwa mkataba uliowahifadhia Waislamu dini yao na makadhi wao. Haukudumu miaka 10. Mwaka 1499 Askofu Mkuu Cisneros alianza kubatiza watu kwa nguvu, na Februari 1502 ikatoka amri katika ufalme wa Castile: Muislamu abatizwe au ahame, na mwenye kuhama apitie bandari za kaskazini, asielekee Maghrib. Wengi wakabaki, wakaitwa Wamorisko.

Hapo nguruwe akawa mizani ya kupimia watu. Watu wa Castile walikuwa wakichinja nguruwe majira ya baridi na kugawiana na majirani, na mtoto wa nguruwe huokwa mzima akaletwa mezani vivyo hivyo. Asiyetia mkono alionekana. Mahakama ya Kanisa, Inkwizisheni, ilihesabu kukataa nguruwe na mvinyo kuwa dalili ya Uislamu uliofichwa, na mshitaki aweza kuwa jirani au mtumishi wa nyumbani.

Mufti Ahmad bin Abi Jum'a al-Maghrawi al-Wahrani aliwajibu Rajab 910 (Desemba 1504). Swala, hata kwa ishara. Zaka, hata kwa sura ya zawadi kwa maskini. Josho, hata kwa kuzama baharini. Na wakilazimishwa kula nguruwe, wale huku nyoyo zikimkataa na wakiitakidi kuwa ni haramu. Tazama vyema, ndugu msomaji: hakumhalalisha. Msingi wake ni an-Nahl 106 na kisa cha Ammar bin Yasir (R.A.). Kuona haya kukataa sahani karamuni si ikrahi, wala fatwa hii haimhusu mwenye haya hiyo.

Wapo wanaosema al-Wansharisi wa Fez ameipinga, kwa kuwa aliwajibisha hijra katika fatwa yake ya 896 (1491). Sisi tunaona huko ni kuchanganya mas'ala mawili. Al-Wansharisi aliulizwa juu ya watu waliokwisha vuka Maghrib, wakajuta, wakatamani kurudi chini ya Castile. Al-Wahrani aliwaandikia waliofungiwa njia.

Jibu lake lilipita mkono kwa mkono, likatiwa katika Kihispania, nakala nyingine kwa herufi za Kiarabu. Mwaka 1609 Mfalme Felipe III aliamuru Wamorisko wafukuzwe. Hadi 1614 walikuwa wametolewa watu wapatao 300,000, wengi wakafikia Maghrib na Tunis, zaidi ya miaka 100 tangu babu zao wabatizwe.