Leningrad ya njaa, St. Petersburg ya selfi: picha mbili ndani ya fremu moja

Kuna picha moja ya mwaka 1942 ambayo ukishaiona haikutoki kichwani. Mama mmoja, kajifunga mashuka na mitandio juu ya koti, anavuta kitoroli cha mbao, kile cha watoto cha kuteleza kwenye theluji. Juu yake kuna maiti iliyoviringishwa kwenye shuka. Watu wanapita zao. Hakuna anayegeuka. Barabara yenyewe ni Nevsky, barabara kuu ya mji ambao wakati huo uliitwa Leningrad.

Leo Nevsky ni mahali pa kuuza sura. Maduka ya nguo, migahawa, watalii wenye fimbo za selfi, maharusi wanaopita kupiga picha za kumbukumbu. Mji umerudishiwa jina lake la zamani, St. Petersburg, tangu 1991, ingawa Watanzania waliopelekwa kusoma huko enzi za Usovieti bado wanauita Leningrad.

Sasa akatokea jamaa mmoja, mkazi wa mji huo huo, akaona hizi dunia mbili zikutanishwe. Si mpiga picha wa magazeti. Kazi yake ya mshahara ni urubani, tena si wa ndege: ni yule rubani anayepanda melini ili kuiongoza iingie bandarini salama. (Watu wa pwani walilijua neno hilo kwenye majahazi kabla hata ndege ya kwanza haijaruka.) Kuanzia mwaka 2009 hivi alianza kuchukua picha za zamani za vita, akaenda nazo mpaka mahali zilipopigwa, akapiga nyingine pale pale, kisha kwenye kompyuta akaziyeyusha zikawa moja. Zikasambaa mtandaoni kama moto wa kifuu.

Ukisikia hivyo unaweza kusema ah, hiyo si ni kazi ya Photoshop tu? Jaribu. Lazima kwanza ujue mpiga picha wa 1942 alisimama wapi, na si kwa kukadiria mtaa, ni kwa hatua. Ukisogea mita moja kushoto, nguzo inakataa kukaa juu ya nguzo. Ukikosea urefu wa kamera, mstari wa madirisha unapinda. Kinachosaidia ni kwamba katikati ya St. Petersburg majengo mengi hayajaguswa: kibaraza kile kile, tao lile lile, hata pembe ya paa. Kwa hiyo mtu wa leo anatembea na simu yake, na hatua mbili mbele yake ukuta unageuka kijivu, theluji inaanza, na kuna binadamu kalala chini.

Ili uelewe kwa nini yuko chini, historia kidogo. Tarehe 8 Septemba 1941 majeshi ya Hitler yalikata njia ya mwisho ya nchi kavu kuingia Leningrad. Ndani walibaki watu kama milioni 2.5. Mpango wa Wajerumani haukuwa kuuteka mji na kuulisha. Ulikuwa kuuacha ufe njaa. Mzingiro ulidumu siku 872, hadi 27 Januari 1944.

Kipindi kibaya kuliko vyote kilikuwa kile kipupwe cha kwanza. Kuanzia 20 Novemba hadi 25 Desemba 1941, mgawo wa mkate kwa mfanyakazi wa kiwandani ulikuwa gramu 250 kwa siku. Kwa wafanyakazi wa ofisini, wazee na watoto: gramu 125. Chukua mkate wa dukani wa gramu 400, ukate vipande vitatu sawa, halafu kipande kimoja ukipunguze kidogo. Ndiyo siku nzima hiyo. Na usidhani ni mkate wa ngano. Ulichanganywa na nyuzi za mbao na mashudu ya pamba, chakula cha ng'ombe. Watu walichemsha mikanda ya ngozi. Walichemsha gundi ya seremala wakanywa kama supu. Baridi ilifika nyuzi 30 chini ya sifuri, umeme ukakatika, mabomba yakaganda, tramu zikasimama njiani zikafunikwa na theluji. Maji yalichotwa kwa ndoo kwenye matundu yaliyotobolewa katika barafu ya mto.

Hesabu ya waliokufa bado inabishaniwa. Ile iliyopelekwa mahakamani Nuremberg ilikuwa watu 632,000 na ushee. Wapo wanahistoria wanaofika milioni moja. Wengi hawakuuawa na bomu. Ni njaa. Katika makaburi ya Piskaryovskoye peke yake wamelazwa karibu watu nusu milioni, kwenye matuta marefu yasiyo na majina, yameandikwa mwaka tu.

Rudi sasa kwenye picha. Uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Isaac, leo: nyasi zilizokatwa vizuri, mabasi ya watalii. Kiangazi cha 1942: kabichi. Mistari na mistari ya kabichi mbele ya kanisa lenye kuba la dhahabu, ila hilo kuba lilipakwa rangi ya kijivu ili marubani wa Ujerumani (hawa sasa ni wa ndege) wasilitumie kama alama. Picha ya kabichi ukiiunganisha na ya leo, haitishi. Inachekesha kidogo, halafu unakumbuka kwamba waliokuwa wanazipalilia ndio walioponea chupuchupu.

Nenda daraja la Anichkov, lenye farasi wanne wa shaba ambao kila mgeni anapiga nao picha. Wakati wa vita picha za daraja hilo hazina farasi. Walizikwa! Mwaka 1941 waliteremshwa wakafukiwa kwenye bustani ya jirani, wakafukuliwa vita vilipokwisha. Alama za kombora kwenye msingi wa mmoja wao ziliachwa makusudi, kama nguzo za kanisa la Isaac zilivyoachwa na makovu yake. Kwa maana hiyo mji wenyewe ulishaanza kuunganisha picha kabla ya huyo rubani kuzaliwa.

Lakini kisa kinachozidi vyote kiko ndani ya jumba la makumbusho la Hermitage. Vitu zaidi ya milioni moja vilipakiwa kwenye treni vikapelekwa mbali, ila fremu za michoro ziliachwa zikining'inia tupu ukutani. Kuna picha za kumbi hizo, fremu baada ya fremu, ndani yake hamna kitu. Majira ya kuchipua ya 1942 wanajeshi vijana walikuja kusaidia usafi, na mwongozaji mmoja akaamua kuwashukuru kwa kuwatembeza. Akawa anasimama mbele ya kila fremu tupu na kuwaeleza kwa kichwa: hapa yuko mzee, mkono wake uko hivi, mwanga unatoka kule. Wakamfuata ukumbi hadi ukumbi. Hebu fikiria, watu wana njaa na wanaangalia ukuta!

Jambo moja watu huwa hawalisemi wanapo-share hizi picha: Leningrad ya vita haikuwa mahali pa kupiga picha unavyotaka. Kamera mkononi bila kibali ilikuwa kesi ya ujasusi. Waliopiga walikuwa na ruhusa, na walichopiga kilipita kwa wakaguzi kwanza. Serikali ilitaka mashujaa: mizinga, wafanyakazi, kabichi. Picha ya yule mama na kitoroli ni miongoni mwa chache zilizopenya. Kwa hiyo hata ile nusu ya kijivu inayotutisha ni nusu iliyochujwa. Yaliyotokea jikoni na vitandani, ndani ya vyumba vilivyoganda, hayana picha ya kuunganisha na kitu chochote.

Jengo namba 14 la Nevsky lina maandishi meupe kwenye mstatili wa buluu ukutani. Yanawaonya raia kwamba mizinga inapopiga, upande huu wa barabara ndio wa hatari zaidi. Ni upande wa kaskazini. Wajerumani walikuwa wanapiga kutoka kusini. Maandishi yalirudishwa baada ya vita, na mpaka leo chini yake huwa kuna maua. Pembeni watu wanapiga selfi. Kuna wanaokasirishwa na hilo, bure tu. Waliokuwa wanakimbilia ng'ambo ya barabara mwaka 1942 wangefurahi sana kusimama pale wakitabasamu.

Tatizo la hizi picha liko kwingine. Zilipotoka, nusu ya rangi ilisomeka kirahisi: hii ni amani. Tangu Februari 2022 nchi yenye mji huo imo vitani, ikiishambulia Ukraine, na kuna mji mwingine uliozingirwa. Mariupol, Machi 2022: watu wamejificha ndani ya jumba la maigizo, na nje, ardhini, wameandika kwa herufi kubwa nyeupe za Kirusi "watoto", zionekane kutoka angani. Jumba likapigwa hivyo hivyo tarehe 16. Atakayetaka kuunganisha picha za Mariupol atakuta mpangilio umegeuka. Ya zamani ndiyo yenye rangi, ina miti, bustani, na watu wanaopita mbele ya nguzo nyeupe za jumba lile wakiwa na simu zao mkononi.