Mbotela: Jina moja la Freretown, watu watatu wa nyanja mbalimbali

JINA Mbotela si geni masikioni mwa Wakenya, ila kila mtu hulisikia kwa namna yake. Ukilitaja mbele ya mzee aliyekuwa na redio ya betri katika miaka ya sabini, atakutajia mtangazaji. Ukilitaja mbele ya mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, atakutajia kitabu. Na kwa utingo wa matatu zipitazo Barabara ya Jogoo jijini Nairobi, Mbotela ni mtaa wa Eastlands, mahali pa kushukisha abiria wala si mtu.

Wote watatu hawajakosea. Walioitwa Mbotela na wakajulikana kote nchini ni zaidi ya mmoja, na chimbuko la jina hilo ni Freretown, katika eneo la Kisauni, upande wa bara kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Mara kwa mara watu hao huchanganywa, mwandishi akipewa sifa za mtangazaji na mwanasiasa akisahauliwa kabisa. Makala haya yanakusudia kuwatenganisha, na kueleza jinsi jina hilo lilivyofika pwani yetu, kwa kuwa si jina la Mijikenda, wala la Waswahili wa Mvita.

Ni jina lililotoka bara ya mbali, upande wa Ziwa Nyasa, kwa Wayao. Lililileta jahazi la watumwa.

Msomaji atakumbuka kwamba mnamo Juni 5, 1873, Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kulifunga soko la watumwa la Unguja. Aliyetumwa na Uingereza kuanzisha mazungumzo hayo alikuwa Sir Bartle Frere, aliyewahi kuwa gavana wa Bombay. Hata baada ya mkataba, majahazi hayakukoma kusafirisha watu kwa siri, na manowari za Kiingereza ziliendelea kuyasaka. Swali likawa ni wapi wapelekwe watu waliookolewa, ambao makwao kulikuwa ni mwendo wa miezi na njiani wangeweza kukamatwa tena. Awali wengi walipelekwa Bombay, Aden na Ushelisheli. Kuanzia mwaka 1875 shirika la wamishonari wa Kianglikana la CMS liliwapokea katika ardhi liliyoinunua Kisauni, na kijiji hicho kikapewa jina la Frere.

Kengele iliyotundikwa hapo ilipigwa kuwatahadharisha wanakijiji wanapojiwa na maadui, kwani wenye watumwa wa pwani hawakufurahia kuwa na jirani wa namna hiyo. Mnara wake ungali pale njia panda, na ndio uliopazaa mahali hapo jina la Kengeleni, ambalo abiria wa kwenda Bamburi na Mtwapa hulisikia kila siku bila kujiuliza ni kengele gani.

Sasa tuje kwenye majina, maana hapa ndipo penye kiini cha habari hii. Mtu aliyetekwa akiwa mtoto alifika Freretown akiwa amekwisha kupoteza wazazi, kijiji na mara nyingine hata lugha. Jina nalo halikuwa salama. Wale waliolelewa na wamishonari huko Nasik, India, kabla ya kurudishwa Afrika Mashariki, walirudi na majina ya Kiingereza. Kasisi William Jones, aliyefuatana na Askofu James Hannington katika safari yake ya mwisho mwaka 1885, alikuwa Myao. Matthew Wellington, mmoja wa vijana waliouchukua mwili wa David Livingstone hadi pwani na aliyefariki Mombasa mwaka 1935, alikuwa Myao pia. Kwao aliitwa Chengwimbe. Ni nani leo amjuaye Chengwimbe? Jina hilo limebaki vitabuni tu, na lililoandikwa mbele ya watu ni Wellington, jina la jemadari wa Kiingereza ambaye hakuwa na uhusiano wowote naye.

Mbotela wa kwanza, Myao aliyetekwa na hatimaye kukombolewa na kuletwa Freretown, alibaki kuwa Mbotela. Wazao wake walipobatizwa walipewa akina James, Tom na Leonard yawe majina ya mbele, na jina la mzee likakaa nyuma kama jina la ukoo. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, hilo si jambo dogo. Katika nchi ambayo mtu akitaja jina lake huulizwa papo hapo ni wa kabila gani, jina Mbotela limekuwa likijibu swali hilo kwa historia badala ya kabila.

Wa kwanza kulipeleka jina hilo nje ya Freretown ni James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa London mwaka 1934. Humo anasimulia jinsi watu walivyotekwa bara, wakafungwa minyororo, wakateremshwa pwani na kupakiwa majahazini, na jinsi waliookolewa walivyoyaanza maisha mapya Freretown. Sehemu kubwa ya habari hizo ni habari za watu wake mwenyewe, yaani kizazi cha babaye. Kitabu kilichapishwa tena baada ya Vita Vikuu vya Pili, kikasomwa sana shuleni, na mwaka 1956 kikatolewa kwa Kiingereza.

Tukumbuke kwamba mwaka 1934 hadithi ndefu za kinathari zilizobuniwa na Waafrika wenyewe kwa Kiswahili zilikuwa chache mno. Kusadikika ya Shaaban Robert ilitoka mwaka 1951. Kwa sababu hiyo wanahistoria wa fasihi humtaja Mbotela miongoni mwa watangulizi wa riwaya ya Kiswahili, ingawa kitabu chake kimesimama katikati ya riwaya na tarehe.

Hata hivyo si wote wanaokisifu. Lawama kubwa ni kwamba Mbotela amewapamba Waingereza kupita kiasi. Katika masimulizi yake Mwarabu ndiye mtekaji, na Mzungu ndiye mkombozi. Habari za Wazungu waliofanya biashara hiyohiyo katika Bahari ya Atlantiki hazipewi nafasi, wala haulizwi ni uhuru gani huo chini ya bendera ya mkoloni. Lawama hizo zina uzito. Lakini mwenye kulaumu naye akumbuke kwamba mwandishi hakuwa akitunga akiwa mbali. Kama isingalikuwa manowari iliyolisimamisha jahazi, mwandishi huyo asingalizaliwa Kisauni. Ni vigumu kumdai mtu wa namna hiyo aandike juu ya manowari kwa ubaridi. Na jambo moja hakuna awezaye kumnyang'anya: kabla yake, habari za watumwa wa pwani hii ziliandikwa zaidi na mabalozi, manahodha na wamishonari, na yeye akaziandika kwa Kiswahili akiwa mtoto wa nyumba hiyo.

Wa pili ni Tom Mbotela, na huyu ndiye aliyesahauliwa kuliko wote. Asili yake ni hiyohiyo ya Freretown, lakini maisha yake ya siasa yalikuwa Nairobi. Katika miaka ya mwisho ya arobaini alikuwa makamu wa rais wa chama cha Kenya African Union, KAU, wakati rais wake akiwa Jomo Kenyatta. Alikuwa pia diwani Mwafrika katika baraza la jiji.

Tom Mbotela alikuwa wa kundi lililoamini kwamba haki za Waafrika zingepatikana kwa hoja, katiba na subira. Mwaka 1951 uongozi wa tawi la KAU la Nairobi ulipochukuliwa na akina Fred Kubai na Bildad Kaggia, watu wa msimamo mkali zaidi, kundi lake lilisukumwa pembeni. Yeye hakunyamaza, alizidi kuipinga Mau Mau hadharani. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952, na mwezi uliofuata Tom Mbotela akauawa jijini Nairobi. Mwaka 1953 diwani mwenziwe, Ambrose Ofafa, naye akauawa.

Serikali ya kikoloni iliwaenzi madiwani hao wawili kwa kuyapa mitaa ya nyumba za Waafrika majina yao. Ndiyo sababu Eastlands pana Ofafa na pana Mbotela. Ajabu ni kwamba majina hayo yalidumu baada ya uhuru. Delamere Avenue iligeuzwa ikawa Kenyatta Avenue, na majina mengine mengi ya enzi hizo yakafutwa, lakini Mbotela haikuguswa. Huenda ni kwa heshima, na huenda ni kwa kuwa watu walikwisha kusahau ni Mbotela yupi.

Hapa pana kosa jingine linalostahili kusahihishwa. Wapo wanaomchanganya Tom Mbotela na Tom Mboya. Chanzo cha mkanganyiko huo chaeleweka: wote ni Tom, wote walikuwa KAU, wote waliuawa Nairobi, na Mboya alikuwa mfanyakazi wa baraza la jiji katika miaka ileile ambayo Mbotela alikuwa diwani. Lakini Mboya, Mluo aliyezaliwa mwaka 1930, ndiye waziri aliyepigwa risasi Julai 5, 1969. Kati ya vifo hivyo viwili ni karibu miaka kumi na saba, na nchi mbili tofauti.

Wa tatu hahitaji kutambulishwa. Leonard Mambo Mbotela alizaliwa Mombasa Mei 29, 1940, akakulia Freretown katika ukoo huohuo, na mwaka 1964 akajiunga na Sauti ya Kenya, idhaa ambayo baadaye ikawa KBC. Kwa wapenzi wa kandanda sauti yake ilikuwa ndiyo uwanja wenyewe. Harambee Stars ilipotwaa Kombe la Chalenji mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983, wengi wa walioshangilia hawakuwa na televisheni. Walimtegemea mtangazaji awaambie mpira uko wapi, na Mbotela aliwaambia kwa namna ya kumfanya msikilizaji ainuke kitini.

Asubuhi ya Jumapili, Agosti 1, 1982, sauti hiyo ilitumiwa kwa kazi nyingine. Wanajeshi wa anga walioasi wakiongozwa na Hezekiah Ochuka walimtoa nyumbani kwake Nairobi, wakampeleka studio na kumlazimisha awatangazie Wakenya kwamba serikali ya Rais Daniel arap Moi imepinduliwa. Alisoma akiwa katikati ya bunduki. Siku hiyohiyo wanajeshi watiifu walikikomboa kituo, na sauti ileile ikatumiwa kuwaeleza wananchi kwamba serikali ingalipo. Waasi wangeweza kumsomesha mtu yeyote taarifa ile. Walimwendea Mbotela kwa kuwa walijua kwamba asingesema mtu mwingine na ikaaminika.

Lakini kazi iliyompa umaarufu wa kudumu ni kipindi cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966 na kuendelea kwa zaidi ya nusu karne. Ndani yake alieleza vituko vya watu wasio na adabu: mgeni ajaye wakati wa chakula asiondoke, abiria apigaye kelele ndani ya basi, mtu akopaye asilipe. Kisha huuliza swali lake, na msikilizaji hujijibu mwenyewe.

Neno ungwana lina historia ambayo wasikilizaji wengi wa bara hawakuijua. Katika miji ya kale ya pwani, mwungwana hakuwa tu mtu mwenye adabu. Alikuwa mtu huru, mzaliwa wa watu huru, kinyume cha mtumwa. Maana ya adabu ilizaliwa na ile ya kwanza, kwani waliotawala mji walidai kwamba tabia njema ni mali yao na kwamba mtumwa hawezi kuwa nayo hata angevaa kanzu safi namna gani. Utumwa ulifutwa kisheria katika nchi yetu mwaka 1907, lakini kauli za "huyu si mwungwana" ziliendelea kusemwa mabarazani muda mrefu baadaye, na wazee wa Freretown walizisikia.

Basi fikiria, msomaji. Mzao wa Myao aliyepakiwa jahazini kama shehena ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti cha taifa, mwaka baada ya mwaka, akiwauliza Wakenya wote, matajiri kwa maskini, kama matendo yao ni ya kiungwana. Hakuna aliyemwuliza amepata wapi idhini ya kuuliza. Kutoka Uhuru wa Watumwa hadi Je, Huu ni Ungwana? ni miaka thelathini na miwili tu, na majina ya kazi hizo mbili yanajibizana kana kwamba yalipangwa na mtu mmoja.

Leonard Mambo Mbotela alifariki Nairobi Februari 7, 2025, akiwa na umri wa miaka 84. Katika rambirambi zilizomiminika, wengi walimkumbuka kwa mpira, kwa kipindi chake na kwa asubuhi ile ya Agosti. Freretown, ambako habari yote ilianzia, leo imezungukwa na maduka, gereji na foleni za magari yanayotoka Daraja la Nyali, na mnara wa kengele umebaki kando ya barabara, makondakta wakilinadi jina la kituo chake tangu alfajiri.